Jinsi ya kukagua roboti inayogeuka: usanifu na uhandisi wa midoli ya bei ya juu

Picha za matangazo ya midoli ya roboti inayogeuka kuwa gari huonyesha mambo mawili: gari lililofungwa sawasawa, na roboti iliyosimama kifua mbele. Kilicho katikati hakionekani, na hicho ndicho unachokilipia. Kutengeneza roboti nzuri ya kusimama kabatini si kazi kubwa siku hizi, na kutengeneza gari dogo linalofanana na la kweli ni kazi ya zamani. Ugumu ni kuvitoa vyote viwili katika vipande vilevile, bila kung'oa kitu, bila kulazimisha, na kila umbo likae imara. Ndiyo maana ukaguzi huu unaanzia kwenye gari, unapita kwenye ugeuzaji wenyewe, na roboti inakuja baadaye, ingawa wengi huanza nayo.

Kabla ya yote, usidanganywe na idadi ya hatua kwenye kijitabu cha maelekezo. Hatua hamsini si sifa. Hatua inayohamisha uzito mkubwa kwenda mahali panapofaa ina thamani. Hatua ya kukunja kibati cha plastiki chenye ukubwa wa ukucha ili kuziba tundu lililoachwa na hatua iliyotangulia ni kiraka. Mdoli wenye hatua 20 za aina ya kwanza umesanifiwa vizuri kuliko wenye 50 zilizojaa za aina ya pili.

Vifaa vya kuandaa

Kalipa ya dijitali (kifaa cha kupimia urefu na unene), mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, tochi ndogo, kipande cha kioo bapa, ubao wa urefu wa sentimita 30, chaki, na bisibisi za nyota namba 0 na 00. Midoli mingi ya Kijapani ina skrubu za JIS, kiwango cha viwanda cha Japani. Bisibisi ya nyota ya kawaida huteleza na kula kichwa cha skrubu, kwa hiyo ukipata ya JIS itumie hiyo.

Ongeza karatasi ya kuchapia ya kawaida, ile ya gramu 80. Unene wake ni karibu milimita 0.1. Ikunje mara moja una 0.2, mara mbili 0.4, mara tatu 0.8. Hiyo ni geji ya mianya ya bure, tena haikwaruzi rangi.

Hatua ya 1: Gari kwanza, pamoja na tumbo lake

Weka gari juu ya kioo. Magurudumu yote yaguse. Jaribu kupitisha karatasi moja chini ya kila gurudumu: ikipita bila kukwama, gari limejipinda. Sababu huwa moja kati ya mbili, ama kuna kitu ndani hakijakaa mahali pake, ama kuna ulimi wa kufungia uliotoka kiwandani nje ya kipimo. Fungua lote, funga upya, pima tena. Gurudumu lilelile likiendelea kuelea, kosa si lako.

Kisha pima uwiano. Tafuta vipimo vya gari la kweli, ugawe umbali kati ya ekseli kwa urefu wa gari zima. Gari la mita 4.3 lenye mita 2.6 kati ya ekseli lina uwiano wa 0.60. Pima mdoli kwa kalipa na ugawe vivyo hivyo. Ukipata 0.57 au chini ya hapo, pua au mkia umevutwa ili miguu ipate pa kulala. Fanya hesabu hiyo pia kwa kimo na upana. Gari lililopanda juu kuliko inavyostahili kwa kawaida lina mikono iliyolala chini ya paa au kiwiliwili kilichokosa nafasi. Skeli nayo hupatikana kwa njia rahisi: mita 4.3 kugawanya kwa sentimita 14.3 ni 30, yaani skeli ya 1/30.

Sasa lipindue. Tochi itakuonyesha ngumi, kichwa, magoti. Kuviona tumboni si kosa, kwa kuwa lazima viwe mahali fulani. Kosa ni vikionekana ukiwa umelitazama gari ubavuni au nyuma, au vikining'inia chini ya mstari wa bampa hadi kuburuza sakafuni gari linaposukumwa. Karatasi iliyokunjwa mara tatu ipite chini ya tumbo kuanzia mbele hadi nyuma. Isipopita, gari hilo ni la kutazama tu.

Hatua ya 2: Mianya

Tembeza karatasi kwenye kila mwanya kati ya paneli na paneli: boneti na milango, milango na paa, paa na kioo cha nyuma. Usitafute mwanya mwembamba kuliko yote, tafuta ulio sawa. Mwanya wa 0.4 unaobaki 0.4 mwanzo hadi mwisho huonekana kama mstari wa kawaida wa gari. Mwanya unaoanza na 0.1 na kuishia na 0.8, wenye umbo la kabari, jicho hulinasa hata kwa mbali. Kabari inakuambia kwamba paneli imezunguka kidogo kwenye bawaba yake, na kwamba kifungio kiko mbali mno na ncha inayofunguka. Tutarudi kwenye jambo hili.

Halafu bonyeza katikati ya paa kwa dole gumba, ukiacha na kurudia. Paneli ikiruka, inashikiliwa na msuguano wa plastiki peke yake. Pindua gari juu ya mto na ulitikise kama unavyotikisa chupa ya dawa. Kikifunguka chochote, andika ni kipi.

Hatua ya 3: Hesabu ya vipande

Hapa ndipo usanifu unapojulikana, na hakuna haja ya kifaa zaidi ya kalamu. Orodhesha vipande vikubwa vya gari: boneti, kioo cha mbele, paa, milango, bampa mbili, mabawa ya matairi, magurudumu. Mbele ya kila kimoja andika kinafanya nini kwenye roboti, ukitumia makundi manne.

Cha kwanza ni kipande chenye kazi mbili: mlango ambao ni mkono, boneti ambayo ni kifua, nyuma ya gari ambayo ni muundi. Cha pili kimefichwa: kimekunjwa ndani ya paja au mgongo na hakionekani. Cha tatu ni mzigo: kinaning'inia mgongoni, kwenye mikono au nyuma ya miguu, bila kazi. Cha nne ni bandia: kwenye roboti kuna kifua chenye vioo vya gari, lakini si vioo vya gari, vya kweli vimekunjwa mahali pengine.

Mfano mzuri wa kazi mbili ni VF-1, ndege ya kivita inayogeuka roboti katika katuni ya Kijapani ya Macross, iliyosanifiwa na Shoji Kawamori na kutolewa mwaka 1982. Vyumba vya injini ndivyo miguu, midomo ya kutolea moshi ndiyo nyayo. Mguu hauhitaji kutafutiwa pa kujificha kwa sababu upo tayari kwenye ndege, umelala tu. Mbawa zinakunjwa nyuma. Zaidi ya miaka arobaini baadaye, watengenezaji wanaendelea kutoa matoleo mapya ya ndege hiyohiyo wakiboresha viungo na vipimo, lakini mpango wa msingi haujahitaji kubadilishwa.

Kinyume chake ni roboti ya gamba: kuna roboti kamili nyembamba ndani, na gari ni ganda lililovikwa juu yake, ambalo baadaye hukusanywa na kubandikwa mgongoni kama mkoba. Ukiona kwamba paa, milango yote na nyuma ya gari viko kwenye kundi la mzigo, umepata gamba. Kuna magamba yaliyokunjwa kwa ustadi mkubwa hadi mgongo unabaki bapa, na hayo yanastahili heshima yake. Hata hivyo yamekwepa swali lenyewe.

Kuhusu sehemu bandia, mashabiki hugombana sana. Msimamo wetu ni huu: kifua bandia si dhambi, lakini kina gharama. Boneti ya kweli lazima iwekwe mahali, na mara nyingi inaishia mgongoni. Basi usikate alama kwa ubandia wenyewe, kata kwa mzigo unaoletwa nao. Kama kifua ni bandia na mgongo bado ni safi, msanifu amelipa deni lake.

Toa asilimia: vipande vya kazi mbili na vilivyofichwa, kwa jumla ya vyote. Chini ya nusu, bei ya juu inahitaji maelezo mengine. Kung'oa kipande na kukibandika pengine kunahesabiwa kama kushindwa kwa kipande hicho, isipokuwa silaha na vifaa vya ziada.

Hatua ya 4: Geuza mara tatu

Mara ya kwanza fuata kijitabu neno kwa neno. Mara ya pili kiweke pembeni. Ukikwama, angalia ulikwama kwa sababu gani: umesahau, au umbo halikukuonyesha njia? Mdoli uliosanifiwa vizuri una vidokezo vyake, bawaba inayoelekea upande mmoja tu, kishimo kinacholingana na kinundu kimoja tu. Mara ya tatu nenda polepole, macho yakiwa kwenye nafasi kati ya vipande vinavyopishana.

Katika mara hiyo ya tatu, tumia chaki. Pale unapohisi vipande viwili vinagusana vikipita, paka unga wa chaki kidogo kwenye kona ya kimoja, kisha fanya hatua hiyo. Unga ukihamia kwenye kipande cha pili, hapo rangi itakwanguka. Kama haijakwanguka leo, itakwanguka ukigeuza mara kadhaa. Futa kwa kitambaa kikavu. Kwenye paneli nyeupe tumia chaki ya rangi.

Tazama pia vipande vinavyopita kwa kupindwa. Plastiki ngumu isipinde ili kupisha. Paneli ikilazimika kufanya upinde hata wa milimita moja ili ivuke kona, msanifu alikosa nafasi na akaikopa kwenye uimara wa plastiki. Angalia kipande hicho kwenye mwanga: alama nyeupe kama ya ukungu kwenye plastiki ya rangi ni dalili kwamba imevutwa kupita kiasi. Kwenye plastiki ang'avu utaona mistari myembamba kama nywele, na hiyo ni hatua moja kabla ya ufa.

Sasa tuje kwenye bawaba, maana hapa ndipo midoli mingi ghali inapoangukia. Kila bawaba ina mchezo kidogo, yaani nafasi ya kutikisika, kwani bila mchezo haizunguki. Tuseme pini ina mchezo wa milimita 0.1 na bawaba ina upana wa milimita 8. Paneli iliyofungwa hapo yenye urefu wa milimita 60 itachezacheza kwenye ncha yake kwa 0.1 ÷ 8 × 60, yaani milimita 0.75. Hiyo ni bawaba moja. Msanifu anayetaka kupitisha paa kutoka juu ya gari hadi ndani ya mgongo hutumia mnyororo wa bawaba tatu au nne zilizofuatana, na michezo hiyo hujumlishana. Bawaba nne za aina hiyo, zote zikiegemea upande mmoja, zinaweza kuipeleka ncha milimita 3 au zaidi kutoka mahali pake. Ndiyo ile kabari uliyoiona kwenye hatua ya 2.

Dawa si kukaza bawaba. Dawa ni mahali pa kifungio. Ulimi uwe kwenye ncha ya mwisho ya mnyororo, ambako mchezo ni mkubwa, na uingie kwenye kitu kisichosogea, kama vile fremu ya katikati. Ukikuta ulimi uko karibu na bawaba ya mwanzo, haufungi kitu cha maana. Na ukikuta mlango umefungwa kwenye paa, na paa limefungwa kwenye boneti, na boneti imefungwa kwenye mlango, kila mmoja unamtegemea jirani yake anayeyumba: ukigusa kimoja vyote vitatu vinafunguka. Fuata kila ulimi hadi ujue umeshika nini.

Pima na kina cha ulimi. Chini ya milimita 1 ni mapambo. Milimita 2 hadi 3 zenye kuta zilizonyooka zinashika. Ulimi mzuri huingia kwa sauti ndogo ya "tik" na unahisi kidoleni kwamba umefika mwisho. Kama huwezi kujua umeingia au haujaingia, hilo ni kosa la usanifu hata kama mwishowe unashika.

Hatua ya 5: Roboti na viungo vyake

Simamisha roboti juu ya ubao, miguu ikiwa na upana wa mabega. Inua upande mmoja wa ubao polepole, kwanza ili roboti iegemee nyuma. Ubao wa sentimita 30 ulioinuliwa sentimita 5 una mwinamo wa karibu nyuzi 10. Roboti iliyoanguka nyuma kabla ya hapo ina mkoba mzito mgongoni, na msanifu alipaswa kuweka kisigino kirefu zaidi. Rudia kwa mbele na ubavuni. Angalia kama kisigino kipo cha kukunjua. Wengi husahau kukifungua halafu wanalaumu uzito.

Viungo viko vya aina tatu. Vya meno hutoa sauti ya kukakata na hushika mzigo mkubwa. Vya msuguano husimama popote unapotaka, lakini huchoka. Vya gololi huzunguka pande zote na hufaa kwa kichwa na vitu vyepesi. Kwenye nyonga ya mdoli mzito usivikubali.

Kiungo cha meno kihesabu. Zungusha mguu mzunguko unaoweza, hesabu milio, ugawe nyuzi kwa milio. Mlio mmoja kila nyuzi 30 ni meno 12 kwa mzunguko. Kila nyuzi 15 ni meno 24. Tofauti hii si ndogo. Mguu wa sentimita 12 kutoka nyonga hadi unyayo, ukisogea jino moja la nyuzi 30, unyayo unahama zaidi ya sentimita 6. Kwa nyuzi 15 unahama kama sentimita 3. Ndiyo maana roboti nyingine ama imesimama wima kama mlingoti ama imetanua miguu kama mpanda farasi, haina pozi la katikati.

Nyonga na kifundo cha mguu lazima vikaguliwe pamoja. Mguu ukitanuliwa nyuzi 30 kwenda nje, unyayo hautalala sakafuni isipokuwa kifundo nacho kinaweza kuinama nyuzi 30 kwenda ndani. Nyonga ya nyuzi 60 yenye kifundo cha nyuzi 15 ni nyonga ya nyuzi 15. Matangazo hutaja ya kwanza na kunyamazia ya pili.

Bega lipime kwa mzigo. Nyoosha mkono wa roboti mbele, sambamba na sakafu, ning'iniza kifuko kidogo kwenye ngumi, ongeza uzito kidogo kidogo hadi mkono uanze kushuka. Zidisha gramu kwa umbali kutoka bega hadi ngumi: gramu 50 kwa sentimita 9 ni 450. Andika namba hiyo, rudia baada ya kugeuza mdoli mara kumi. Ikishuka sana mapema namna hiyo, kiungo ni cha plastiki inayolika. Linganisha pia kulia na kushoto. Tofauti kubwa kati ya mikono miwili ni suala la ukaguzi wa kiwandani, haimhusu msanifu, kwa hiyo iandike kando.

Jambo la mwisho hapa: viungo vilivyowekwa kwa ajili ya kugeuza mara nyingi huharibu pozi. Paja linalotakiwa kurefuka ili liwe boneti litateleza kila ukiinua mguu, kama halina kifungio. Shika paja, vuta muundi taratibu. Kusiwe na mchezo wa kuvutika.

Hatua ya 6: Kimetengenezwa kwa nini, na wapi

Vifaa vinavyotawala ni vinne. ABS ni plastiki ya paneli na fremu, ngumu na inayokubali rangi. POM ni plastiki iliyo laini kama nta ukiigusa, inateleza, haishiki rangi wala gundi. Ikionekana kwenye pini, mikono ya bawaba na viungo, ni dalili njema. Plastiki ang'avu, mara nyingi polikaboneti, ni ya vioo. Na aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu ndiyo "chuma" kinachotajwa kwenye matangazo.

Uzito wa aloi ya zinki ni zaidi ya mara sita ya ABS kwa ujazo uleule, kwa hiyo swali la kwanza ni imewekwa wapi. Kwenye nyayo, vifundo na ndani ya viungo vya nyonga inasaidia, inashusha kitovu cha uzito na kustahimili msuguano. Kifuani, mabegani au kwenye paneli za nje ni hasara: inavuta viungo chini, na rangi juu ya chuma hubanduka kwenye kingo mapema. Kampuni ya Takara ilipotoa MP-1, roboti ya Optimus Prime wa Transformers, mwaka 2003, ilikuwa kubwa na imesheheni chuma. MP-10 ya mwaka 2011, ya mhusika huyohuyo, ilikuja ndogo, yenye chuma kidogo, na ni mdoli unaocheza pozi vizuri zaidi. Mtu anayepima ubora kwa kupima uzito mkononi angechagua ya zamani.

Pini zinastahili tochi. Pini ya chuma huwa na mikwaruzo ya kushikia upande mmoja na upande wa pili laini. Upande wenye mikwaruzo uume kwenye ukuta mnene usiozunguka. Sehemu laini ndiyo izungukiwe. Mikwaruzo ikiwa ndani ya kipande chembamba, au chenye kuzunguka, plastiki inapasuliwa taratibu kutoka ndani. Tafuta ufa mdogo unaoanzia kwenye tundu la pini. Na kama lazima utoe pini, isukume kutokea upande laini.

Hatari kubwa kuliko zote ni pini iliyopita kwenye plastiki ang'avu. Paa la kioo linalobeba bawaba ya boneti nzima litapasuka. Kinachobishaniwa ni lini tu. Wasanifu makini huweka fremu ya ABS au POM ndani na kukifanya kioo kivalishwe juu yake bila kubeba mzigo. Ukiona bawaba imechongwa moja kwa moja kwenye kioo, kata alama bila huruma.

Kiungo kilichofungwa kwa skrubu kinakazika, kilichofungwa kwa pini hakikaziki. Ukifungua skrubu na kuirudisha, izungushe kwanza kinyume hadi uhisi imedondoka kwenye njia yake ya zamani, ndipo uikaze. Ukikaza moja kwa moja unakata njia mpya, na ukuta wa tundu unapasuka.

Kiungo kigumu kupita kiasi ukikitoa tu kwenye boksi mara nyingi kimegandishwa na rangi. Usilazimishe. Kipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele au maji ya nyuzi 50 hadi 60, kisha kitikise kwa mwendo mfupi. ABS huanza kulainika karibu na nyuzi 100, kwa hiyo maji yanayochemka hayahusiki hapa. Kilainishi ni grisi au mafuta ya silikoni. Mafuta yenye asili ya petroli, na vimiminika vya kupunguzia rangi ya enameli, huingia kwenye ABS iliyo kwenye mkazo na kuivunja, wakati mwingine ndani ya usiku mmoja. Kiungo kilicholegea, hasa cha gololi, hurudishwa kwa tabaka jembamba la supagluu juu ya gololi iliyotolewa nje, likiachwa likauke kabisa kabla ya kurudisha. Usifanye hivyo karibu na vioo, mvuke wake huacha ukungu mweupe.

Ukinunua mdoli wa zamani, ongeza mambo mawili. Plastiki ya dhahabu yenye mawimbi ya vipande vya metali ndani, iliyotumika sana miaka ya mwisho ya 1980 na ya 1990, huwa dhaifu kama biskuti kadiri inavyozeeka. Usiigeuze hata kama muuzaji anakuhimiza. Na chuma cha zinki chenye uvimbe, nyufa za buibui au unga wa kijivu kimeoza kutoka ndani kwa sababu ya uchafu wa risasi kwenye aloi. Hakitibiki.

Hatua ya 7: Rangi na kingo

Pitisha ukucha kwenye mstari wa kalibu, usikwame. Angalia kovu la pale plastiki ilipoingilia kwenye kalibu, liwe upande usioonekana. Vibonde vidogo kwenye paneli pana vinatokea pale ambapo kuna ubavu mnene nyuma yake. Rangi iliyopakwa iwe sawa na rangi ya plastiki isiyopakwa chini ya taa nyeupe na ya njano pia. Kromu kwenye sehemu zinazosuguana itatoka. Basi.

Kutoa alama

Kwa mia moja, tunapendekeza 35 kwa ugeuzaji na vifungio, 20 kwa hesabu ya vipande, 15 kwa gari, 15 kwa viungo vya roboti, 10 kwa uteuzi wa vifaa, na 5 kwa rangi. Wapo watakaolalamika kwamba rangi imeonewa. Rangi inaweza kurudiwa na mtu yeyote mwenye subira. Bawaba iliyo mahali pasipofaa itabaki hapo.

Sheria moja ipite juu ya alama zote: kikivunjika kitu ukiwa unafuata maelekezo na hujatumia nguvu, mdoli hauvuki 50, hata ungekuwa mzuri kiasi gani.

Nyongeza kuhusu nakala zilizokuzwa

Sokoni kuna nakala zisizo na leseni zinazochukua mdoli uliopo na kuukuza, mara nyingi kwa robo. Hesabu yake inafaa kuijua. Urefu ukizidishwa kwa 1.25, uzito unazidishwa kwa 1.25 mara tatu, karibu 1.95. Mkono nao umekuwa mrefu zaidi, kwa hiyo mzigo unaolilemea bega unafika karibu mara 2.4 ya ule wa mwanzo. Kiungo kilichotosha kwenye mdoli wa asili hakitoshi tena kama kimekuzwa tu na hakikusanifiwa upya. Mtengenezaji aliyeijua hesabu hii atakuwa amebadilisha msuguano wa bega na nyonga kuwa meno, na kuongeza chuma kwenye vifundo. Asiyeijua atakuwa ameongeza chuma kifuani. Kabla hujalipa, omba video ya mkono ulionyooshwa ukiwa umeshika silaha kwa dakika tano bila kukatwa.